Upungufu wa madini ya shaba: athari kwa moyo na mishipa ya damu

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 0.9 za shaba kwa siku. Kiasi hiki ni kidogo, lakini kazi yake ni nzito. Bila shaba, kimeng'enya cha lisili oksidasi hakiwezi kuunganisha nyuzi za kolajeni na elastini katika kuta za ateri. Ukuta hulegea, hutuna, na huweza kupasuka. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walieleza jinsi aota, ateri kuu ya mwili, ilivyopasuka katika vifaranga walionyimwa shaba. Misuli ya moyo nayo hushindwa kuzalisha nishati ya kutosha, na moyo hutanuka. Huko Australia Magharibi, ng'ombe waliokula malisho yenye shaba haba walianguka na kufa ghafla, mioyo yao ikiwa imejaa makovu.

Kenya ina sababu ya kulizingatia jambo hili. Katika miaka ya 1960, upungufu wa shaba ulibainika katika ngano na mifugo ya Bonde la Ufa.

Huko Eldoret, mji wa ngano na maziwa katika eneo hilo, chakula kinastahili kuangaliwa kwa makini. Maziwa ya ng'ombe, yakiwemo mursik (maziwa yaliyochachushwa), yana shaba kidogo sana, hivyo mtoto mchanga anayelelewa kwa maziwa hayo pekee yumo hatarini. Maini, maharagwe na karanga huirudisha shaba mwilini. Vidonge vya zinki vikitumiwa kupita kiasi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa utumboni, na kosa hili hutokea hata kwa watu wanaokula vizuri.