Habari ya Nyasi na Migunga ya Eastlands



Kabla ya mtaa wa Pumwani kuanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, upande huu wa Nairobi ulikuwa mbuga ya udongo mweusi, yenye nyasi na migunga. Mtaa wa Kaloleni ulipojengwa katika miaka ya 1940, wachoraji wa ramani waliacha nafasi wazi kati ya nyumba. Lakini kuchorwa si kulindwa.

Tuutazame msitu wa Karura, wenye mihugu na miti mingine ya asili. Ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wa kujenga. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti huko. Watu hawakurudi nyuma, na msitu ukabaki. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikawapa wenyeji njia ya kutunza misitu pamoja na Serikali.

Ikiwa msitu wenye tangazo ulihitaji watu wa kuutetea, sembuse nafasi ndogo za mitaani? Basi yatupasa haya: mipaka ipimwe na hati zihifadhiwe; mgunga uliojiotea usikatwe, wala kingo za Mto Nairobi zisijazwe takataka; na kila mtaa uchague wazee watakaoulizwa habari ya ardhi hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.