Mawe ya Pwani katika Ujenzi wa Lamu

Fukwe za Lamu, Manda na Pate zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka maelfu mengi ya miaka iliyopita. Mwamba huo umejaa matundu na nyufa, na katika nyufa za namna hiyo, kwenye pwani nyingi za nchi za joto, huishi nge-bandia wa jenasi ya Garypus, yaani mdudu mdogo wa ukoo wa buibui, mwenye makoleo kama ya nge lakini asiye na mkia wala mwiba. Matundu hayo yanayomfaa mdudu ndiyo yaliyomtaabisha mwashi, kwa kuwa jiwe lenye matundu huvunjika ovyo na halikubali nakshi.

Kwa hiyo mafundi wa mwanzo waliliendea jiwe jingine baharini. Uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba mji huo, ulioanza karne ya 8 kwa majengo ya miti na udongo, kufikia karne ya 10 ulikuwa na msikiti wa tumbawe bichi, yaani lile linalokatwa chini ya maji, ambalo huchongeka kwa wepesi likiwa na unyevu na kuwa gumu likikauka. Baadaye, nyumba zilipoanza kujengwa kwa jiwe la nchi kavu, tumbawe liliachiwa miimo ya milango na kibla cha msikiti. Na huo, kwa hakika, ni ujuzi wa vifaa usiostahili kuitwa uigaji wa wageni.

Mawe yote mawili yaliunganishwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya lundo la magogo ya mikoko, kuvichoma, kisha kuvimwagia maji. Kwa chokaa hiyo mafundi wa karne ya 18 walitengeneza zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyopamba ukuta wa chumba cha ndani cha nyumba ya Lamu. Upana wa chumba chenyewe uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mawe ya ujenzi yangali yakichimbwa Maweni, kisiwani Manda.