"Watu Wote" au "Sisi Sote"? Muvi ya dakika 22 na basi la Mandera

Wasee, leo tuanze na Kiswahili kidogo, halafu tuingie kwa historia.

Kuna filamu fupi inaitwa Watu Wote. Jina lake kamili lina mkia wa Kizungu: Watu Wote: All of Us. Sasa, yeyote aliyepitia KCPE anajua hapo kuna kitu hakijakaa sawa. All of Us ni "sisi sote". "Watu wote" ni wale pale, unawahesabu ukiwa umesimama kando. Mtaani tunasema "sisi wote" na mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa anatuchapa kwa hiyo, lakini hata hiyo "sisi wote" bado ina "sisi" ndani yake. Jina la filamu halina.

Nilidhani ni kosa dogo la tafsiri. Baada ya kusoma stori ya kweli iliyo nyuma ya hiyo muvi, naona tofauti ya hayo maneno mawili ndiyo stori yenyewe.

Kama hujaiona, ni dakika 22 tu. Jam moja ya Thika Road inaitosha. Dada mmoja Mkristo anaitwa Jua anapanda basi kuelekea kaskazini mashariki. Mume wake na mtoto wake waliuawa na magaidi, kwa hivyo kukaa katikati ya abiria Waislamu ni mateso kwake. Anawaangalia vibaya, hataki stori na mtu. Halafu njiani Al-Shabaab wanasimamisha basi wakitaka Wakristo watolewe. Wale wale aliokuwa anawaogopa ndio wanamficha.

Jua ni mtu wa kubuni. Basi si la kubuni.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi waliwaamuru abiria wajigawe, Waislamu huku na wasio Waislamu kule. Abiria wakakataa. Akina mama Waislamu walikuwa wameshawapa wenzao hijabu wajifunike ili wasitambulike. Wavamizi wakaambiwa waue kila mtu au waache kila mtu. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na wengine wakajeruhiwa. Lakini ule mgawanyo ambao wavamizi walikuja kuufanya haukufanyika, na wakaondoka.

Ukiisikia hivyo tu, unaweza kudhani ni muujiza, ati watu wema walijipata basi moja siku moja. Hapo ndipo historia inatusaidia kuliko muvi.

Rudi nyuma miezi 13. Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lingine lilikuwa limetoka Mandera kuelekea Nairobi. Ndani kulikuwa na walimu wengi waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Desemba. Magaidi wakalisimamisha, wakawatenga abiria, na wale walioshindwa kusoma maneno ya dini ya Kiislamu wakapigwa risasi. Watu 28. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 wa kwari wakauawa usiku, hapo hapo karibu na mji wa Mandera. Halafu Aprili 2015 ikaja Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Na huko pia wavamizi walikuwa wanauliza dini.

Kwa hivyo abiria wa Desemba 2015 walijua kabisa stori hii huishaje. Kila mtu anayetumia ile barabara alijua. Walijua swali litakuwa gani, na walijua mtu akishuka na kupangwa upande ule mwingine harudi. Sisemi watu wa 2014 walikuwa waoga, hapana. Wao walikutana nalo kwa ghafla, gizani, mbele ya bunduki. Lakini wa 2015 walikuwa wamekaa na hilo swali mwaka mzima.

Na walikuwa wameona kilichofuata. Baada ya yale mauaji, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki. Utawalaumu? Mimi siwezi. Lakini shule zikabaki na madarasa bila walimu, na watoto waliokosa masomo walikuwa watoto wa Kisomali, Waislamu, ambao magaidi walidai ati wanawapigania.

Hapo ndipo anaingia Salah Farah. Huyu alikuwa mtu wa kweli, na kwenye filamu ametumiwa kwa jina lake. Alikuwa Mwislamu na alikuwa mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa kwenye hilo basi, akakataa kujitenga na wenzake, akapigwa risasi ya nyonga. Hakufa siku hiyo. Alihojiwa na waandishi, Wakenya wakamchangia kwa mtandao chini ya #HeroSalah, tukadhani atapona. Alifariki Januari 2016 akiwa kwa matibabu Nairobi. Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunukia nishani ya taifa, na yeye akiwa tayari kaburini.

Nafikiri mwalimu aliyeona madarasa matupu alielewa kitu ambacho hatukukielewa huku Nairobi: Mkristo akitolewa kwa basi, Mwislamu aliyebaki ndani hajaokoka. Amebaki na mji usio na mwalimu, usio na daktari, usio na fundi. "Wao" wakiondoka, "sisi" tunakauka.

Sasa turudi kwa Jua. Kwa nini waliotengeneza filamu walimbuni? Wangeweza kumweka Salah katikati toka mwanzo. Hii ilikuwa filamu ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, ikiongozwa na Katja Benrath, na waigizaji na watu wa kazi wengi wakiwa wa huku kwetu. Mwaka wa 2017 ilishinda Oscar ya wanafunzi, na 2018 ikateuliwa kwenye Oscar zenyewe, kundi la filamu fupi. Haikushinda, lakini ilifika.

Mimi naona walimbuni Jua kwa sababu Salah hana cha kubadilika. Anaingia kwa basi akiwa tayari anajua watu ni watu. Anayehitaji kubadilika ni Jua, na Jua ni mimi na wewe.

Wacha nikiri. Mwaka wa Westgate, 2013, nilikuwa darasa la sita. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kukaguliwa: kanisani, sokoni, kwa duka la mhindi. Siku moja tuko kwa mathree Eastlands, akaingia dada amevaa buibui jeusi, amebeba mfuko mkubwa. Matha wangu akanishika mkono na tukashuka stage mbili kabla ya kwetu. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Tulitembea kwa miguu na jua kali, na nakumbuka nikijiona mjanja. Yule dada labda alikuwa amebeba sukuma na nyanya. Siku hizi nikikumbuka, siwazi kama alikuwa hatari. Nawaza kama alituona tukishuka.

Na si mimi na matha tu. Aprili 2014 makarao waliingia Eastleigh kwa operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu wakakamatwa, wengi Wasomali, wakapelekwa hadi uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Na hiyo haikuanza na ugaidi. Mwaka wa 1989 serikali iliwasajili upya Wakenya wa asili ya Kisomali, wao peke yao, na kuwapa kadi ya pinki. Kwa miaka mingi kijana wa Mandera akitaka kitambulisho alikuwa anapitia kamati ya kumhoji, kitu ambacho mimi sikukipitia. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais Ruto alitangaza Wajir kwamba huo mchujo wa ziada umeisha. Yaani Salah Farah aliokoa "sisi" ambayo nchi yake ilikuwa bado inamuuliza kama yeye ni mmoja wetu.

Hapa ndipo nina shida kidogo na filamu. Inatupa Jua anayetoka basini akiwa amebadilika, na sisi tunafuta machozi na kujiona tumebadilika naye. Tulishangilia Oscar, "Kenya iko kwa ramani", halafu tukaendelea kuita Wasomali "wale". Ukimuuliza msee wa mtaani leo, anaweza kukumbuka kuna muvi ya basi iliyokaribia kushinda Oscar. Muulize jina la yule mwalimu uone.

Lakini siwezi kuilaumu sana. Wajerumani walikuja wakaisimulia kwa Kiswahili na Kisomali, lugha ambazo watu wa hilo basi wangezungumza. Hawakuweka mzungu wa kuokoa watu. Kama kuna mtu wa kuulizwa kwa nini hatuna filamu nzima ya saa mbili kuhusu Salah Farah, au kuhusu wale walimu wa 2014, si wao. Sisi tuna kamera, tuna simu kali, na kila wiki tunatoa skiti kumi za dem na chali wake.

Kwa hivyo iangalie, ama irudie. Lakini kabla ya kubonyeza, soma kwanza kuhusu tarehe 22 Novemba 2014, kwa sababu bila basi la kwanza huwezi kuelewa ujasiri wa basi la pili. Na ukimaliza, rudi kwa lile jina. Wavamizi walikuja kutafuta "wao". Abiria wangeweza kujibu "watu wote" na kusimama kando. Walijibu "sisi sote", na mmoja wao akalipa kwa maisha yake.

Anaitwa Salah Farah. Shika hilo jina hata ukisahau mengine yote niliyoandika.