Ujiji ya Livingstone na Heru Juu ya Mwami

Mgeni afikapo Ujiji kuitafuta historia huelekezwa kwenye miembe iliyo karibu na ufuko wa zamani wa Ziwa Tanganyika. Hapo pana mnara wa ukumbusho, makumbusho, na sanamu za wanaume wawili wakiamkiana kwa kuvua kofia: David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871.

Sisemi miembe hiyo ikatwe. Ila wageni wale hawakukutana porini. Ujiji ilikuwa mji wa soko, ambako chumvi ya Uvinza, samaki, mawese, pembe za ndovu na, kwa uchungu, wanadamu walinunuliwa na kuuzwa. Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858, waliifuata njia ya misafara itokayo pwani, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameikanyaga kwa miaka mingi.

Tena, nyuma ya mji huo, katika nyanda za juu za Buha, palikuwa na falme: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo. Kila moja ilikuwa na mwami wake, na walikuwapo wateko waliosimamia ardhi na matambiko yake. Makao ya ufalme wa Heru yalikuwa Heru Juu, Kasulu. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti hicho kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Huwauliza wanafunzi wangu juu yake. Stanley wanamjua; jina la Mwami huwa geni kwao.

Sababu mojawapo ni ya kisiasa. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Uamuzi huo nautetea hadi leo: Waingereza walikuwa wamewageuza machifu kuwa mikono ya serikali yao, na taifa changa lilihitaji raia walio sawa mbele ya sheria. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kukifuta cheo kunatuondolea wajibu wa kuitunza kumbukumbu yake.

Wengine hawakudhani hivyo. Jirani zetu wa Rwanda waliufuta ufalme mwaka 1961, lakini makao ya mwami kule Nyanza ni makumbusho, na ng'ombe wenye pembe ndefu hutunzwa hapo. Vietnam inatawaliwa na chama cha kikomunisti. Mfalme wake wa mwisho, Bao Dai, aliachia kiti mwaka 1945. Hata hivyo mahekalu na makasri ya mji mkuu wa kale wa Hue, yaliyoharibiwa vibaya vitani mwaka 1968, yamekuwa yakikarabatiwa, na mwaka 1993 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hakuna nchi kati ya hizo mbili iliyomrudisha mfalme.

Nasi hatuhitaji kumrudisha mwami. Tunahitaji kuwarekodi wazee wa Buha, kwa Kiha na kwa Kiswahili, wangali hai. Kuyatambua makao ya Heru Juu na maeneo ya matambiko kuwa mambo ya kale. Na kuhakikisha kwamba mwanafunzi apelekwaje Ujiji kuiona miembe anapandishwa pia Kasulu. Miembe yaweza kusubiri. Wazee hawatusubiri.