Uzima na Ubuzima: Elimu ya Afya Mjini Kigali na Vijijini mwa Rwanda

Mwalimu wa Kiswahili afikaye Kigali hachelewi kulitambua neno ubuzima. Ni ndugu wa neno letu uzima, na katika Kinyarwanda hubeba maana mbili pamoja: uhai na afya. Neno hilo limo katika jina la abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya, ambao tunakusudia kueleza habari zao hapa kwa ufupi. Kwani habari zao ni historia ya lugha kama zilivyo historia ya tiba.

Mji wa Kigali uliasisiwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa daktari. Kiswahili kiliingia nchini pamoja na askari na wafanyabiashara, na hata leo kina wenyewe katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo. Lakini elimu ya hospitali ilikuja kwa lugha za kigeni, hasa Kifaransa na baadaye Kiingereza. Mgonjwa alipata dawa, maelezo yakabaki kwa mganga. Hata maneno ya nyumbani yana mitego yake. Kinyarwanda huita joto la mgonjwa umuriro, neno lenye maana ya moto pia. Nasi Waswahili twasema homa, tukikusudia mara malaria, mara mafua. Mgonjwa asipoulizwa vema, yeye hueleza hili na tabibu hufahamu lile.

Jirani zetu wa Tanzania walikwisha onyesha njia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana kwa Kiswahili juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Baada ya mjadala walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Elimu ilifuatwa na jembe.

Rwanda ilianza upya katika msiba mkubwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu na kuwatawanya waganga na wauguzi. Mwaka 1995 ndipo mpango wa washauri wa afya ulipoanza. Hao huchaguliwa na wanakijiji wenzao, huishi miongoni mwao, na husema lugha yao. Baadaye walifundishwa kutibu malaria, kuhara na kichomi kwa watoto walio chini ya miaka 5, na kuwahimiza wajawazito kwenda kituo cha afya mapema. Tangu mwaka 1999 mchezo wa redio uitwao Urunana nao umefundisha mambo ya uzazi kwa mazungumzo ya kijijini.

Mwaka 2000, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha 45. Haifai kuyahesabu yote haya kuwa kazi ya washauri pekee, kwani chanjo, vyandarua na bima ya afya vina sehemu yao. Lakini chandarua hakimkingi mtu asiyejua sababu ya kukitungika.

Wala tusidhani kwamba ujinga wa afya ni wa shamba tu. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mwezi Septemba 2024, ulijulikana zaidi Kigali, ukawapata watu 66 na kuwaua 15, wengi wa waliougua wakiwa wafanyakazi wa afya. Mkazi wa mjini alihitaji, sawa na mkulima, kuelezwa waziwazi kwamba ugonjwa huo huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Basi ndugu walimu, heshima hiyo ina deni lake. Tunapofundisha ngeli na insha, tufundishe pia kusoma maandishi ya kifuko cha dawa, kutofautisha homa na malaria, na kumweleza tabibu maumivu yalipoanzia. Mwanafunzi atakayeyajua hayo atakuwa mshauri wa kwanza nyumbani kwao.