Kutoka Pumba hadi Lisini: Historia ya Chakula cha Samaki wa Kufugwa na Funzo Lake kwa Bonde la Kilombero

Insha hii inachunguza ni kwa nini mfugaji wa samaki wa Ifakara, anayeishi katikati ya mashamba ya mpunga na mashine za kukoboa, bado anahangaikia chakula cha perege wake. Inajengwa hoja kwamba suala la asidi amino haliwezi kujibiwa kwa vipimo vya maabara pekee, kwani lina historia.

Kwa vizazi vingi Bonde la Kilombero halikuhitaji bwawa. Mafuriko ya masika yaliwatawanya samaki mbugani, na maji yalipopungua wavuvi waliwapata mtoni na katika madimbwi. Ardhioevu hiyo, yenye takribani kilomita za mraba 7,967, iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Ufugaji ulianzia kwingine: majaribio ya Korogwe na Malya yalianza mwaka 1949, na kufikia mwaka 1968 nchi ilikadiriwa kuwa na mabwawa 8,000 hivi, mengi yakiwa madogo na yenye mavuno hafifu.

Wakati huohuo elimu ya lishe ya samaki ilikuwa ikipiga hatua. Mwaka 1957 John Halver na wenzake walionesha kwamba samoni huhitaji asidi amino 10 kutoka katika chakula. Nchini Japani, mwishoni mwa muongo huo, lisini ilianza kuzalishwa viwandani kwa uchachushaji wa bakteria. Mwaka 1988 Santiago na Lovell walikadiria hitaji la lisini la sato kuwa asilimia 5.12 ya protini ya chakula.

Uzito wa matokeo hayo ni kwamba samaki hahitaji wingi wa protini tu, bali uwiano wa asidi amino. Moja ikipungua, nyingine haziwezi kujenga mnofu ipasavyo; huvunjwavunjwa, na naitrojeni yake hutolewa kupitia matamvua ikiwa amonia. Mfugaji hupata hasara mara mbili: chakula hupotea na maji huchafuka. Mashudu ya alizeti yana protini nyingi lakini lisini haba. Soya ina lisini ya kutosha lakini methionini kidogo. Pumba za mpunga zilizochanganyika na maganda zina protini kidogo na nyuzinyuzi nyingi. Dagaa huziba pengo, lakini ni kitoweo cha watu pia.

Je, mabwawa ya zamani yalidumaa kwa kukosa lisini? Itakuwa makosa kudai hivyo. Katika bwawa lililorutubishwa kwa samadi na lenye samaki wachache, vijimea na viumbe vidogo vya majini hutoa asidi amino zinazokosekana katika pumba. Upungufu hujitokeza pale idadi ya samaki inapozidi uwezo wa chakula hicho asilia, hasa katika vizimba na matangi.

Kwa hiyo, kumshauri mfugaji mdogo anunue lisini ya kiwandani kabla hajarutubisha maji ni kumtwisha gharama isiyo ya lazima. Vilevile, kumwachia pumba tupu mfugaji aliyekwisha kuongeza vifaranga ni kumwandalia mavuno hafifu yaleyale ya mwaka 1968. Tathmini ianzie bwawani, ndipo ifike dukani.