Kituo cha kazi ni wapi?

Mtumishi wa halmashauri anapopangiwa kazi, barua humtajia kituo cha kazi. Akihamishwa, anahama kituo. Akiondoka bila ruhusa, anahesabiwa mtoro. Neno kituo limetokana na kitenzi tua: kushusha mzigo, kufika na kupumzika. Ndiyo maana tuna kituo cha basi, kituo cha afya, hata vituo vya maandishi vinavyompa msomaji pumzi.

Leo mizigo mingi ya kazi haitui mezani. Leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri Tanzania inaombwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na majalada ya taasisi nyingi za umma hupita katika mfumo wa Ofisi Mtandao. Kenya nayo, Machi 2020, ilihimiza watumishi wa serikali wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu.

Wengi huita jambo hili kufanya kazi kwa mbali. Mbali na nani? Afisa ugani aliye shambani yuko mbali na ofisi, lakini yuko karibu na mkulima. Afisa biashara anayejibu maombi akiwa nyumbani humpunguzia mfanyabiashara nauli. Mganga wa zahanati, yeye, lazima awe pale alipo mgonjwa.

Basi tulishike neno kituo kwa asili yake: mahali ambapo mwananchi anatua shida yake na kupokelewa. Pakiwa dirishani, dirisha liwe na mtu. Pakiwa mtandaoni, ombi lijibiwe kwa wakati. Halmashauri zipime hilo kabla ya kuhesabu sahihi za daftari la mahudhurio.